Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Makazi ya Wazee: Tunaomba Mtu wa Usiku

Waheshimiwa,

Kwa desturi yetu, ninyi ambao wengi wenu mna umri wa watoto wangu ndio mngenianza kwa shikamoo, nami ningewaitikia marahaba, kisha mazungumzo yangefuata. Naomba leo niivuke hatua hiyo na kuingia moja kwa moja katika shauri lililotufikisha hapa, kwa sababu barua mbili tulizowaandikia kwa kufuata ngazi, ya kwanza ikipitia kwa afisa mfawidhi na ya pili ikipitia halmashauri, hazijajibiwa mpaka leo, na ndiyo maana hii ya tatu tumekubaliana iwe ya wazi. Nimeiandika kwa mkono, na kijana mmoja anayejitolea hapa ameipiga chapa kwenye simu yake.

Mimi ni katibu wa kamati ya wazee katika makazi mojawapo ya Serikali yaliyoko Kanda ya Ziwa. Jina la makazi sikulitaja, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa watumishi wachache tulio nao wakiadhibiwa kwa ajili ya barua hii hatutabaki na mtu, na ninyi mnaotuletea fungu kila robo mwaka mnatujua bila kutajiwa. Tuko wazee 43, wanawake 19 na wanaume 24. Mdogo wetu ana miaka 63. Mkubwa wetu hajui mwaka aliozaliwa, ila anakumbuka kaka zake wakichukuliwa kwenda vita vya Hitler naye akiwa tayari anachunga ndama.

Zamani nilikuwa karani wa ghala la pamba. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 kazi yangu ilikwisha, na kwa kuwa tangu hapo niliishi kwa vibarua na kilimo cha kukodi, uzee ulinikuta sina pensheni wala mtoto aliye hai wa kunitunza. Silalamiki kwa hilo. Nalitaja ili mjue kwamba ukarani haujanitoka, maana nina kaunta buku ambamo tangu Januari mwaka huu ninaandika kila siku nani yuko zamu, nani ameugua, kilichopikwa ni nini na kilichoharibika ni kipi, na karibu yote mtakayoyasoma hapa yametoka humo.

Ombi letu kubwa ni moja, na nalitanguliza ili lisipotee katikati ya mengine: tunaomba mtu wa usiku. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi makazi haya hayana mhudumu hata mmoja. Kuna mlinzi langoni, mtu mwema, lakini ameajiriwa kulinda mali na haruhusiwi kuliacha lango.

Usiku wa kuamkia Jumapili moja ya mwezi wa nne, mvua ya masika ikinyesha, jirani yangu wa kitanda, mzee wa miaka 82 aliyekuwa akitembea mwenyewe kwa fimbo, aliamka kwenda msalani kwenye saa nane. Choo chetu kiko nje, hatua 34 kutoka mlango wa bweni kwa hatua zangu mimi, na mbele ya mlango wake kuna kingo ya saruji ambayo ikilowa huteleza kama mlenda. Taa ya njia hiyo ilikuwa imeungua tangu Februari. Nilisikia fimbo ikigonga saruji. Sauti yake sikuisikia. Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia upande usio wake, na maji ya mvua yakipita chini ya shavu lake. Mimi nina miaka 78, na kumnyanyua sikuweza. Nilimwita mlinzi, lakini mvua juu ya mabati haikuruhusu sauti ya mtu kufika popote, kwa hiyo nilirudi bwenini nikachukua mfuniko wa sufuria na mwiko nikaanza kugonga. Waliokuja ni wazee wenzangu, na kati yetu sisi watano tuliosimama pale hapakuwa na mmoja mwenye mgongo wa kubeba mtu. Tulimfunika blanketi na juu yake karatasi ya nailoni, tukakaa naye. Aliyetuokoa ni mpishi, aliyefika saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto wa uji. Gari la makazi liko juu ya mawe tangu mwaka jana, hivyo mgonjwa mwenye nyonga iliyovunjika alipelekwa hospitali kwa bajaji, akiwa amelazwa kwenye mapaja ya mhudumu.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hakufa, na kwa sababu hakufa tukio lake halikuingia katika taarifa yoyote ninayoijua. Lakini hatembei tena, na hapa ndipo naomba mnivumilie nifanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha ambayo ofisi nyingi huisikia upesi zaidi.

Kabla ya usiku ule tulikuwa na wagonjwa watatu wa kitandani, sasa wako wanne. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huoza na kufanya vidonda vya kulalia, ambavyo kuvitibu ni kazi ngumu kuliko kuvizuia. Kugeuza kila saa mbili ni mara 12 kwa siku, na kwa wagonjwa wanne ni mara 48. Mkikadiria dakika kumi tu kwa kila mara, pamoja na kumbadilisha shuka au nepi, mnapata dakika 480, yaani saa nane kamili. Hiyo ni zamu nzima ya mtumishi mmoja, asiyefanya kitu kingine chochote, asiyekwenda hata kunywa maji. Na nusu ya migeuzo hiyo inaangukia usiku, wakati ambapo mtumishi hayupo. Vidonda vya wagonjwa wetu wawili nimeviona kwa macho yangu, na sitavieleza.

Mnielewe vizuri. Bomba la chuma la futi nne, likifungwa ukutani kwenye mlango wa choo, mzee angelishika. Balbu moja ingemwonyesha mahali pa kukanyaga. Kwa kukosa vitu hivyo viwili, Serikali sasa inadaiwa migeuzo 12 kwa siku kwa muda wote uliobaki wa maisha ya mtu huyo, na hailipi.

Sasa niseme juu ya watumishi wenyewe. Kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi, ikama ya makazi haya, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwepo, ni wahudumu wanane na wauguzi wawili. Waliopo ni wahudumu watatu. Muuguzi ni mmoja, naye yuko masomoni tangu mwaka jana, na nafasi yake haikuzibwa. Mwingine alistaafu, tukamfanyia sherehe ndogo ya soda na karanga, nayo nafasi yake haikuzibwa. Afisa mfawidhi ndiye mhasibu, ndiye mtunza ghala, na ndiye anayesimama barabarani kutafuta usafiri mmoja wetu anapozidiwa. Kuna siku niliwahi kumkuta amesinzia juu ya leja, kalamu mkononi, saa tano asubuhi. Nasema haya kwa sababu najua barua za namna hii hupokelewaje: hutumwa mtu kuja kuuliza ni nani aliyezembea, mhudumu mmoja anahamishwa, kisha tunabaki na wawili. Tafadhali, msifanye hivyo. Wahudumu hawa wanatuogesha, wanatukata kucha, na yuko mmoja ambaye huwaimbia wagonjwa wa kitandani nyimbo za kwaya ili wasiogope maji baridi. Kosa lao ni kwamba wako watatu.

Uchache huo ndio uliotuletea hatari ya dawa. Kwa kuwa muuguzi hayupo, vidonge hugawiwa na mhudumu yuleyule anayepiga deki, naye hutegemea rangi na ukubwa wa kidonge, kwa sababu hakusomea dawa na wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Mwezi wa sita zahanati ilileta vidonge vya presha vya kiwanda kingine, vidogo na vyeupe, vikawa pacha wa vile vya kushusha sukari. Bibi mmoja wa bweni la wanawake, ambaye hana ugonjwa wa sukari, alipewa visivyo vyake. Kabla ya mchana alikuwa anatetemeka na kulowa jasho, maneno yakimtoka nusu nusu, mpaka mwenzake anayeujua ugonjwa ule alipotambua kinachotokea na kumnywesha chai yenye sukari nyingi. Hilo nalo halikuandikwa popote isipokuwa katika kaunta buku yangu, ukurasa ambao niko tayari kuwaonyesha. Tunafahamu kwamba sera ya afya inampa mzee asiye na uwezo matibabu bila malipo, na kule hospitali tumekuta bango la “Mpishe mzee apate huduma”, na kweli watu hutupisha. Tatizo letu linaanza tukisharudi nyumbani na mfuko wa vidonge.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, maana kati ya malalamiko yote hili ndilo wageni hulipenda na kulirudia. Hatulali njaa. Ila mzabuni anapocheleweshewa malipo yake huleta alicho nacho, yaani mahindi na maharage, na hapo tunakula makande siku tatu au nne mfululizo. Kuni zikiwa chache makande hayaivi. Kati yetu sisi 43 wenye meno ya kutosha kutafuna makande magumu hawafiki kumi, kwa hiyo wengi hunywa mchuzi na kumwaga punje. Kuku wa mlinzi wamenona ajabu. Tungepewa unga wa lishe na kisaga cha mkono, hata hayo mahindi yaliyopo tungeyamudu.

Choo chenyewe ni cha kuchuchumaa. Nadhani waliokichora walikuwa vijana. Mtu mwenye magoti yaliyokwisha akichuchumaa, kuinuka kwake ni kwa kushika ukuta uliolowa au kumwita mwenzake. Fundi seremala wa kijijini alitutengenezea viti viwili vilivyotobolewa katikati, tukavitumia kwa furaha mpaka kimoja kilipovunjika chini ya mtu. Kwa sababu hiyo wapo wazee, hasa kina mama, ambao kuanzia saa kumi jioni hawanywi maji kabisa ili wasipatwe na haja usiku, na katika joto la miezi ya Septemba na Oktoba wanaamka midomo imekauka na vichwa vinazunguka. Mtu akiwaona wameanguka asubuhi husema ni uzee.

Wanawake hao wana sababu nyingine ya kuuogopa usiku, na sijui kama mliopo huko juu mmewahi kuifikiria. Katika mikoa yetu hii inajulikana kwamba vikongwe waliuawa, na wengine kufukuzwa vijijini, kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kwa sababu tu macho yao ni mekundu kutokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng’ombe walioupikia miaka yote. Baadhi ya wakazi wa bweni la wanawake wamefika hapa kwa njia hiyo. Mmoja wao ana kovu la panga linaloanzia sikioni na kuishia begani, na kila jua likizama huburuta sanduku lake la bati mpaka nyuma ya mlango. Kwa mtu kama huyo mhudumu wa usiku ana maana kubwa kuliko kumshika mkono wa kwenda msalani, kwa kuwa sauti ya mtu anayemfahamu, ikipita dirishani na kusema “bibi, mko salama?”, ndiyo dawa ya usingizi pekee ambayo anaihitaji, na haiuzwi dukani.

Nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Wageni huja, hasa Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, na siku za sikukuu, na hawaji mikono mitupu. Hutuletea sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, kanga na vitenge, nasi huketi juani kuanzia saa tatu kuwasubiri, wagonjwa wa kitandani wakiwemo siku nyingine, kwa ajili ya picha. Tunazo sabuni za mche ghalani ambazo zingefulia nguo za wilaya nzima. Balbu hatuna. Nimewahi kumwomba mgeni mmoja, kwa upole, kwamba mwakani badala ya sabuni atuletee balbu sita na fundi wa kuzifunga, akacheka na kunipigapiga begani kama anavyopigwa mtoto aliyesema jambo la kuchekesha.

Hapo ndipo lilipo jambo jingine linalotuuma, kwamba hatuulizwi. Ndugu zetu wa Zanzibar waliofikisha miaka 70 wanapokea pensheni jamii tangu mwaka 2016, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni shilingi 50,000, na mzee mwenye fedha kidogo mkononi anaweza kuamua mwenyewe anunue balbu au tumbaku. Sisi tunaamuliwa. Nje ya ofisi kuna sanduku la maoni, limetundikwa juu kiasi kwamba aliye kwenye kiti cha magurudumu hafikishi mkono, nusu yetu hawajui kusoma wala kuandika, na kufuli lake halina ufunguo tangu mfawidhi aliyepita alipohama. Ukilitikisa linasikika lina karatasi ndani. Zangu mbili zimo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kwamba mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na kwamba kumtunza kwenye makazi iwe hatua ya mwisho. Hatubishani na maneno hayo. Karibu kila mmoja wetu angependa kuzeeka kwenye kaya yenye wajukuu. Lakini mtu aliyefikishwa kwenye hatua ya mwisho hana hatua nyingine ya kwenda kama hii nayo ikimwangusha, na kwa hiyo naona ni haki kuuliza, iweje mahali palipoitwa hivyo ndipo pawe na watumishi pungufu kuliko shule, kituo cha afya, na hata mnada wa ng’ombe ulioko kilomita mbili kutoka hapa, ambako siku ya mnada nimehesabu watumishi saba.

Tunajua kwamba kibali cha ajira hakitoki kwa siku moja, na kwamba hata kikitoka, wanaopangiwa huku hutafuta uhamisho kabla hawajatandika kitanda. Ndiyo sababu hatuwaambii mjaze ikama yote mwezi huu. Wawekeni kwanza watu wawili wa usiku, hata kwa mkataba wa muda, hata kama ni vijana wa vijiji vya jirani watakaolipwa posho na kufundishwa na wauguzi wa kituo cha afya namna ya kumgeuza na kumnyanyua mtu bila kumwumiza. Huyu kijana aliyenipigia barua hii chapa angekubali kesho. Amekuwa akija kwa nauli yake kwa miezi minane. Muuguzi naye, kama wa kudumu hapatikani, basi aje wa kituo cha afya kila Jumatatu apange vidonge vya wiki kwa jina la kila mtu, kazi isiyozidi asubuhi moja. Bomba la mlango wa choo, taa za njia na viti vya kukalia msalani tunaomba visisubiri bajeti ya mwaka ujao wa fedha, kwa maana vuli inakaribia na saruji ile italowa tena. Gari tunaweza kuendelea kulisubiri. Na mzabuni alipwe deni lake, kwa sababu kila mnapomcheleweshea yeye, anayetafuna punje ngumu ni mtu asiye na meno.

Zaidi ya hayo tunaomba jibu. Likiwa ni la kukataa, liandikwe hivyo, tarehe ikiwepo, nami nitalisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote barazani, kama nilivyowasomea barua hii kabla ya kuituma. Walinirekebisha mahali pawili, na mmoja aliniambia niondoe habari za vidonda, tukaafikiana nisivieleze.

Mkitaka kuhakiki niliyoyaandika, msitupe taarifa ya ugeni, maana mkitoa taarifa tutapigwa deki na kuvalishwa kanga mpya. Njooni usiku wowote baada ya saa sita. Mlinzi atawafungulia, tumeshamwomba asiwazuie. Kutoka langoni ni njia ya changarawe, taa ya kwanza inawaka na ya pili haiwaki, kwa hiyo mje na tochi, na mkifika mbele ya choo mwangalie kingo ya saruji. Bweni letu ni la pili kushoto, na mlango hatuufungi kwa ndani, kwa sababu aliyekuwa akiufunga hawezi tena kuamka. Mimi ni kitanda cha pili kutoka hapo. Hamtaniamsha, kwani saa nane huwa niko macho, mimi na mwenzangu wa kitanda cha nne, ambaye ana mkono mmoja wenye nguvu nami ninao mmoja, tukimgeuza jirani yangu.

Wenu katika kusubiri jibu,

Katibu, Kamati ya Wazee,
kwa niaba ya wazee 43